Dirisha la Mama Zaina

Shingo ya Mama Alphonsine ilikwisha kuzoea rozari kama kichwa cha mchota maji kinavyozoea ndoo. Punje zake za mti mweusi zilikuwa zimelainishwa na vidole vya mama yake, aliyemvika kule Kongolo siku mbili kabla ya kukata roho. Kwa hiyo waraka wa mkuu mpya wa ofisi ya komini, Papa Hippolyte, ulipobandikwa ukutani kwamba mtumishi wa dirishani asionyeshe alama ya dini yoyote, aliusoma mpaka kwenye muhuri, kisha akarudi kitini.

"Serikali haikunivika," alimwambia mkuu. "Haitanivua."

"Mama, hata mimi ninasali," Papa Hippolyte alijibu, sauti imechoka kama nguo iliyofuliwa mno. "Lakini angalia watu wanavyopanga mustari."

Hakuangalia. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ameandika kwenye kitabu cha vizazi watoto wa kila nyumba ya Kalemie, wa bandarini na wa reli, na wino wake haukuwahi kumuuliza mtu anasali wapi. Hilo alilijua kama anavyolijua jina lake.

Alhamisi ile joto lilikuwa limewashinda hata nzi. Dirisha la pili lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu, maana karani mwenzake, Mama Zaina, mwenye ushungi wake mweupe, alikuwa kwenye kilio cha mjomba wake huko Kabalo. Chini ya dirisha hilo aliketi mwanamke aliyejitanda kanga, mtoto kifuani. Alphonsine alimwona asubuhi, akamwona tena adhuhuri, akadhani anamngoja mumewe. Magoti yalimuuma, hakuinuka kuuliza.

Saa tisa na nusu, akifunga kalamu zake, ndipo alipomkaribia.

"Mama, unangoja nani?"

"Mama Zaina."

"Iko Kabalo kwa kilio. Mbona haukukuja kwangu? Tangu saa sita sikuwa na muntu."

Mwanamke, Zabibu jina lake, alionyesha kwa kidevu ile rozari. "Niliona ile. Nikasema, hii njo dirisha ya watu ya misa. Sikutaka kukusumbua."

Hapakuwa na shutuma ndani yake. Alisema kama mtu anayeeleza mvua ilianza upande gani.

Alphonsine aliomba karatasi ya maternite, ile inayotolewa mtoto anapozaliwa. Akahesabu siku kwa vidole, akarudia. Leo ilikuwa ya tisini tangu kuzaliwa, ya mwisho ya kuandikisha. Baada ya leo mtoto haandikwi ila kwa hukumu ya mahakama, ya tribinali. Akampigia Papa Jérôme, mwenye funguo za kitabu na saini.

"Niko kwa njia ya Nyunzu, juu ya pikipiki," sauti ilisema katikati ya upepo. "Na wewe Mama Alphonsine, siku nzima ulikuwa unalala?"

Simu ilikatika.

Alijishusha sakafuni kando ya Zabibu, taratibu, kwa ajili ya magoti. Mtoto alikuwa macho, ametulia, jasho limemtoka juu ya mdomo. Alphonsine alimfuta kwa ncha ya kitenge chake. Kwa mara ya kwanza alikitazama chumba kutoka chini pale. Kama angekuwa kitini, uso wake mwenyewe usingeonekana. Ukingo wa juu wa dirisha lake ungeufunika. Kingebaki kuonekana kifua, na kilichoning'inia kifuani.

"Kosa ni yangu," alisema. "Kesho saa mbili tutaenda tribinali sisi wawili. Nitasema mbele ya juge kwamba ulikuwa hapa tangu asubuhi."

"Kule watu ni wengi, mama," Zabibu alisema. "Utavaa ile, nipate kukujua?"

Alphonsine aliifunika rozari kwa kiganja. Nje, mlinzi alikuwa akibamiza mabawa ya madirisha, moja baada ya jingine.

"Angalia uso yangu," alisema. "Angalia muzuri."

Zabibu akainua macho, akamtazama bila haraka.