Nauliza Tu

Hamjambo nyote, mliokaa kwenye benchi na mliosimama mlangoni, naomba mninyamazie kidogo, mama mtu mzima anasoma hapa... ndivyo ningewaambia, ila mdomo haufunguki, pasi inapumua mvuke, mwenye suti hii ninayoinyoosha anagonga kaunta kwa funguo zake, ko ko ko, kama anapiga hodi kichwani mwangu, na kidole changu kipo kwenye simu, mstari wa pili wa ujumbe wa binti yangu, kisitoke, kikitoka napotea naanza upya, "Mama shikamoo. Nimesikia siku hizi unasoma mwenyewe, kwa hiyo sikupigii, nakuandikia," hiyo nimeshairudia mara tatu kwa utamu wake, ananiandikia mimi, si jirani anisomee huku anakohoa kila penye siri, mimi, na utamu huo ndio ulionichelewesha, maana huku juu kabisa simu imeweka kiboksi cha kijivu, sijakiomba, jana hakikuwepo, kimeandikwa kwa herufi nene, "Kwa ufupi: binti yako hajambo, yuko kwa rafiki, anauliza kuhusu kitanda"... kitanda gani, ngoja, we simu, usinimalizie, sijafika huko. "Mama, bado tu?" Huyo Shemeji, ni shemeji wa mwenye duka lakini sasa ni shemeji wa kila mtu, hata wateja wanamwita hivyo, "si umewekewa muhtasari hapo juu? Kampuni kubwa nzima imekaa kukurahisishia maisha, wewe unajitesa neno kwa neno kama unachambua mchele." "Ungekuwa unachambua wewe, jiwe lisingekung'oa jino la mbele," nimemwambia bila kuinua macho, benchi zima limecheka, mwenye suti naye kacheka, funguo zimenyamaza, haya, afadhali, mstari wa tatu, "Mume wangu hajambo. Kazi nzuri. Kwa sasa nipo kwa rafiki yangu, yule wa ofisini, usijali"... usijali nini, mtu akikuambia usijali bila kuulizwa ndipo unapoanza kujali, na kiboksi hakikusema usijali, kimelitoa, kumbe kinachagua. "Tena bure, Mama, hawakudai hata senti," anaendelea Shemeji na mwenye suti, bure, bure, mimi udobi nimeuanza nikiwa na kiuno cha kuinamia beseni, sijaona anayefua bure, akitokea nitamuuliza mifukoni unachukua nini, maana mifukoni sisi tunakuta mambo, dawa, risiti ya hoteli, pete ya mtu aliyesema hajaoa, tunatia kwenye bahasha, tunabandika kwenye nguo, tunafunga mdomo, dobi akiwa na mdomo duka linakufa, sasa huyu aliyekaa ndani ya simu kasoma maneno ya mwanangu kabla yangu, kaingiza mkono mfukoni, kanipa anachoona kinanitosha, kingine kakiweka wapi? Shemeji anasema ni mashine, mashine haina umbea, sawa, lakini mashine ina mwenyewe, hata pasi hii ina mwenyewe... nisiwaonee lakini, simu hii hii imenifundisha nusu ya kusoma, mwalimu wa kisomo tulikuwa naye jioni mbili tu kwa wiki, siku nyingine mwalimu wangu alikuwa kioo hiki, Futa, Rudi, Endelea, neno la kwanza kulisoma bila kushikwa mkono lilikuwa Endelea, nikaendelea, nilikaribia kumkumbatia aliyeliandika, sasa mbona mtu aliyeniambia endelea leo ananiambia basi, mama, inatosha, nitakusomea? Haraka hii ya nani? Na zile tiki mbili, Mungu wangu, tiki zimeshageuka rangi, Shemeji mwenyewe ndiye aliyenieleza, zikigeuka aliyekuandikia anajua umesoma, lakini sijasoma, nimefungua tu, nani aliwaambia kufungua ndiyo kusoma, hawajui kuna watu wa kidole, mwanangu huko aliko anazitazama, anasema mama kasoma, mama kanyamaza... soma basi, mwanamke, acha kesi, mstari wa nne, "Mama, kile kitanda cha chumba cha nyuma bado kipo? Nauliza tu." Nauliza tu. Yupo pale mlangoni, mdogo, magoti yana vumbi, "Mama, lile sufuria umeshaliosha? Nauliza tu," kumbe njaa, na ile asubuhi nyingine, "Mama, leo lazima uende kazini? Nauliza tu," nikamgusa paji, moto kama pasi, huyu mtoto hajawahi kuomba kitu kwa jina lake, na sasa ana nyumba yake na mume hajambo na kazi nzuri na yuko kwa rafiki, anauliza kitanda... mwanangu ameondoka kwake. Ameondoka, hajui kama ana pa kurudi. Na kiboksi kimesema anauliza kuhusu kitanda, hakikudanganya hata neno moja, ndilo linalonitisha, kimefua vizuri kabisa, rangi ndiyo imebaki kwenye maji. "Mama, samahani, nina kikao," mwenye suti, "naja baba," mstari wa mwisho, "Naandika polepole kwa sababu najua unasoma polepole." Ah. Hilo nalo wamelitoa, na hilo ndilo lote, amekaa huko kwa watu, moyo mkononi, ananisubiri mimi nifike. Na chini wamenipangia majibu tayari, nibonyeze tu, "Ndiyo, kipo," "Sina uhakika," "Tutaongea baadaye," na kile kidole gumba cha njano, ndiyo kipo, kweli kipo, godoro lilelile, nikibonyeza hapo atapata jibu la kitanda, ataweka simu chini, atabaki kwa watu akisema mama amejibu. Sijawahi kuandika zaidi ya jina langu na orodha ya sabuni, wao wana maneno yamenyooka kama kola, mimi nitaweka herufi zinazoyumba, na ziyumbe, atazijua ni za nani, njoo, nitaandika njoo, chumba ni chako, hukuniuliza kitanda, njoo na vitu vyako au bila vitu, nimeshafahamu, sihitaji uniambie. Nimechomoa waya wa pasi. "Mama, wapi tena?" Shemeji, "mwanafunzi anatoroka darasa!" benchi linacheka, funguo zimeanza upya, ko ko ko, kidole kimetoka kwenye mstari na sijapotea. "Nakwenda nyuma mara moja, nina barua ya kujibu," nimemwambia, "ninyamazieni kidogo, suti haina miguu, nitaikuta. Narudi."