Sentensi Iliyofutwa

Mjukuu wangu, tunayemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, alirudi kutoka shuleni na neno moja la Kiingereza, renege. Kila mtoto alitakiwa kulitungia sentensi. Mimi nilikuwa nashona vifungo vya sare.

"Bibi, maana yake ni kuvunja makubaliano."

"Kama fundi viatu na kesho zake?"

"Yule anasahau tu. Mwalimu amesema aliyesahau hahesabiki, wala aliyeshindwa. Ni mtu aliyekubali mwenyewe, na anaweza kutimiza, halafu anageuka."

Nilijichoma sindano.

Miaka mitatu nyuma, binti yangu alipokwenda kusomea uuguzi, tulikubaliana kwamba nitamlea Kasuku mpaka amalize masomo, kisha atamchukua. Alimaliza Januari. Sasa ni Mei, ana kazi na vyumba viwili. Kila akipiga simu nami nina jambo: mara mtoto ana mafua, mara mitihani, mara mvua. Hajanigombeza hata siku moja. "Haya mama, nitangoja," husema, na sauti yake inapungua.

"Umeandika nini?" nilimwuliza Kasuku.

Alifunika daftari kwa kiwiko. "Paka. Alikubali kutoiba maziwa, akageuka."

"Paka alikubaliana na nani?"

"Na mimi, Bibi. Tulipeana mkono kabisa!"

Nilicheka. Alipokwenda kunawa nikalivuta daftari. Juu ya sentensi ya paka palikuwa na nyingine, imefutwa mpaka karatasi ikatoboka. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini maneno mawili yaliyobaki niliyajua: my grandmother, bibi yangu.

Mtoto wa miaka tisa alikuwa amenisitiri.

Nililirudisha daftari mahali pake. Nikamaliza kifungo nilichokuwa nacho, nikakata uzi, nikampigia mama yake.

"Mwanangu, mtoto hana mafua. Wala hakuwa nayo."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Jumamosi nije, mama?"

"Njoo. Ulete na begi kubwa, vitabu vyake vimekuwa vingi."

Nilipogeuka, Kasuku alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, na hana la kusema. Nikampa taulo.