Redio ya Dada Juu ya Cherehani

Redio ya kwanza niliyomtengenezea dada yangu ilifika inalia kama njuga. Aliitikisa karibu na simu nijisikilizie mwenyewe, akaniuliza kama siku hizi naunda vichezeo vya watoto wachanga. Nikamtupia lawama dereva wa lori la vifurushi. Barabara ile, nawaambieni, ina mashimo ya kumfanya kuku atage mayai yaliyokwisha kukorogwa. Kazi yenu inabaki kutia chumvi tu.

Mke wangu, mshonaji mstaafu, hakucheka. Alijua kilichonikaa rohoni. Binti wa mwisho wa dada alikuwa ameolewa, nyumba imebaki kimya, na dada alituambia kwamba siku hizi huliacha bomba la jikoni lidondoke ili apate cha kusikia. Redio ya dukani hakuitaka. Alitaka ya mdogo wake au basi. Ukaidi kwetu ni wa ukoo.

Nikaunda ya pili. Kila kitu nikakikaza: skrubu, spika, na nyaya nikazivuta zikanyooka kama kamba za kuanikia nguo. Mke wangu akaitazama juu ya miwani, akataka kujua nitahakikishaje kwamba itafika nzima. Nikasema nitaitikisa kwa mkono.

"Kwa mkono huo unaochoka kukoroga chai?"

Akaichukua, akaifunga kwa mikanda juu ya meza ya cherehani chake cha miguu, akaketi kushona mapazia. Cherehani kile kikishika kasi, vikombe kabatini huanza kusalimiana, na jirani huja kuuliza kama treni imehamia mtaani kwetu. Pazia halijafika nusu, redio ikaanza njuga zake.

Tukaifungua. Betri ilikuwa imehama mahali pake na kung'oa waya. Nikashika chuma cha kuchomelea, niubandike tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Mke wangu akanizuia.

"Umezibana mno, mume wangu. Ningekushonea suruali namna hii, ungeweza kuinama?"

Basi nyaya nikaziachia ulegevu kidogo, yeye akazikusanya na kuzifunga kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo. Spika tukaitilia gundi pembeni. Betri tukaitoa isafiri peke yake, imeviringishwa kitambaa kwenye kona ya boksi. Kisha redio ikarudi juu ya cherehani. Mapazia yakaisha, foronya zikaisha, mwishowe mama huyu akaanza kupunguza suruali zangu ambazo hazikumkosea mtu. Ndani ya redio, hata chembe haikugonga. Tukaituma.

Dada alipopiga simu, nilisikia sauti ya mwanamume nyuma yake. Nikauliza ana mgeni gani.

"Mtangazaji. Anadanganya kuhusu bei ya vitunguu, namjibu."

Nikaanza kumweleza juu ya uzi wa nta, ulegevu wa nyaya, na jinsi wifi yake alivyoshona hadi miguu ikafa ganzi. Hakuniacha nifike kwenye gundi.

"Mdogo wangu, nakupenda sana. Sasa nyamaza, habari hazijaisha."

Akakata simu. Mke wangu akauliza wifi amesemaje, na mbona naona raha hivyo. Nikamwambia nimefukuzwa, tena mbele ya mgeni.