Kibao cha Keza

Febronia na mama yake walikuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba, kijijini Murusagamba, simu imeegemezwa kwenye ungo ikitoa mhadhara wa Kiingereza, Keza alipokuja. Jua lilikuwa linazama. Keza, rafiki wa Febronia, alikufa walipokuwa kidato cha tatu. Mama alimsogezea kigoda, maana mgeni hasimamishwi.

Keza alipiga goti kumwamkia mama, mdomo kaufumba. Shingoni alikuwa bado na kibao, kile kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Shuleni kwao alivishwa mtu aliyekamatwa darasani akisema lugha nyingine badala ya Kiingereza. Ukivishwa, kazi yako ni kutega sikio mpaka umnase mwenzako, umvishe, nawe upumue. Ukiteleza tena kabla hujakivua, viboko. Keza alikufa nacho, na katika pilikapilika za msiba hakuna aliyekumbuka kukitoa.

"Nimekuja kukusikiliza," alisema kwa Kiingereza. "Ukiteleza, chako."

"Haya," Febronia akajibu kwa Kiingereza hichohicho.

Alikuwa na shida yake, na shida haichagui mwalimu. Chuoni alisimama kuwasilisha utafiti wake, ulimi ukagoma mbele ya darasa zima. Mhadhiri wake, Dakta Wiston, alimpa nafasi moja tu baada ya likizo. Akinyamaza tena, kwaheri chuo. Na kijijini walishaanza kumwita mwalimu! Jamani, aibu nyingine usiombe.

Basi ikawa hivyo kila jioni. Mhadhara ukiwashwa, Keza yupo. Ukizimwa, kigoda kitupu. Kibao kilikuwa na nguvu penye somo tu, na mama hakuwahi kukaa kwenye dawati, kwa hiyo hakikumhusu. Keza alimsahihisha Febronia neno kwa neno, akamzoeza kumsikia hata mzungumzaji wa haraka kwenye simu bila kumsimamisha. Jirani yao Pancras, akipita na baiskeli ya ndizi, aliwasalimia wote na kumwambia Keza amekonda.

Jioni ya mwisho ya likizo mama aliweka kisu chini.

"Keza, mwanangu," alisema kwa Kihangaza, lugha ya nyumbani, "mama yako ameingia kaburini akiuliza uliumwa nini. Shule hawakumwambia. Hebu nami niambie."

Keza alifungua mdomo, akaufumba. Kwa Kiingereza, mama asingeelewa. Kwa Kihangaza, viboko.

Febronia alijua. Vitanda vyao vilikuwa jirani bwenini. Mgonjwa aliyetaka kwenda zahanati alipaswa kuomba ruhusa kwa Kiingereza, bila kosa, mbele ya mwalimu wa zamu. Keza, na kibao shingoni, alilala akiipanga sentensi ile kutwa nzima, akiifuta na kuianza upya. Alipoipata, hakuwa na nguvu ya kusimama.

Febronia angeweza kuzima simu kwanza, amwambie mama wakiwa wawili. Lakini Keza alikuwa anamtazama, na moyo ulimuuma vibaya.

"Tumbo, mama," alisema kwa Kihangaza. "Lilimuuma tangu asubuhi."

"Kumbe tumbo," mama alisema. "Maskini, mtoto wa watu."

Keza alivua kibao, akamvisha rafiki yake. Kisha akamwamkia mama upya, kwa sauti, akaulizia mbuzi, maharage na mvua, wakazungumza Kihangaza mpaka mhadhara ulipokwisha. Hakurudi tena.

Chuoni Febronia aliingia na kibao juu ya blauzi. Mlinzi wa getini alimwomba kitambulisho tu. Darasani aliwasilisha kuanzia mwanzo hadi mwisho, akajibu na maswali, Kiingereza kinamtiririka. Dakta Wiston, mzaliwa wa Nemba kule Biharamulo, alimsikiliza ametega sikio upande mmoja. Alipomaliza, alimpigia makofi, akalegeza tai apate hewa. Chini ya tai kulikuwa na kibao chake, kimeng'aa kwa jasho la miaka.

"Hongera, umefaulu," alimwambia kwa Kiingereza. "Njoo ukae hapa karibu nami."

Aliyefuata kusimama alikuwa Gidioni, kijana mpole, ambaye siku ile Febronia alipokwama ndiye pekee aliyemfuata nje kumbembeleza. Alianza vizuri. Katikati neno likampotea. Akatazama dari, akalamba midomo, na ilionekana wazi kwamba Kiswahili kinampanda kooni.

Dakta Wiston aliinama mbele. Febronia naye akainama, masikio yote kwa Gidioni, akaanza kumwomba Mungu kijana yule akosee, na wa kumnasa awe yeye, si mhadhiri.