Honi ya Meli Kuukuu

Kosa ni langu. Nilipopanga meli kuukuu ya serikali ikatwe iwe vyuma chakavu, niliagiza honi ing'olewe kwanza, maana shaba haikawii kuota miguu. Kumbe shemeji yangu, aliyekuwa fundi wa injini za meli hiyo mpaka kustaafu, alikuwa njiani kuja kuisikia mara ya mwisho.

"Shemeji, umeikata ulimi kabla hujaizika!" akanitania, machozi yakimlengalenga.

Tukaingia chini ya tumbo la meli, pale ilipopandishwa nchi kavu. Mimi niliyeijua kwa michoro tu nikainua kichwa mpaka kofia ikaanguka. Chuma kilikuwa kimeziba anga lote, nasi tuko kama sisimizi.

Shemeji akabandika kiganja kwenye chuma hicho.

"Bibi mkubwa, nguruma basi, hata kidogo."

Tukatega masikio.