Matanga ya Wambugu

Siku boti ya Wambugu ilipopanda milima ya Othaya juu ya lori, akina mama waliokuwa wakichuma chai waliacha vikapu vyao wakaja barabarani kucheka. Na nani angewalaumu? Boti ya mita tisa inapita katikati ya mibuni, mtu yuko juu anainua nyaya za stima kwa mti, na mbwa wawili wamekaa mbele wametulia kama wenye mali. "Nuhu amerudi!" wakapiga kelele. Jina likakwama hapo hapo. Wambugu akawa Nuhu, na mkewe Magdaline akawa Mama Nuhu, apende asipende.

Wambugu alikuwa fundi wa boti Kilifi kwa miaka mingi. Ile boti aliipata mbovu kutoka kwa mzungu aliyechoka nayo, akaifufua, na yeye na Magdaline wakahamia ndani. Miaka kumi na minne waliishi humo, Shimoni hadi Lamu, wakipika humo, wakilala humo, wakikosana humo. Mungu hakuwajalia mtoto. Aliwajalia mbwa, Nanga na Chumvi, na matengenezo yasiyoisha. Leo pampu, kesho kamba, keshokutwa ubao umeoza. Magdaline, mtu aliyezaliwa Karatina na kulelewa kwenye magunia ya viazi, alijifunza kuziba nyufa kwa pamba na lami mpaka mafundi wa pwani wakawa wanamwita mwalimu.

Moyo wa Wambugu ulipoanza kumshinda, walirudi nyumbani na boti yao, wakaisimamisha juu ya magogo kwenye shamba alilorithi. Watu wakangoja ajenge nyumba. Ng'o! Walipanda ngazi wakaendelea kuishi mle mle. Mbwa walishuka asubuhi kwa ubao waliowekewa, wakafanya haja zao, wakarudi juu haraka, kama kwamba ile nyasi ingewazamisha. Na mvua ya Othaya, ambayo haina adabu, ikapenya pale bahari iliposhindwa. Magdaline akawa anaziba tena.

Kisha daktari akamwita Magdaline kando. "Mama, mpeleke nyumbani umpe anachotaka," alimwambia. 

Wambugu alitaka kuyaona matanga ya boti yake juu tena. Panya walikuwa wameyatoboa, naye alikaa wiki nzima kitandani akishona viraka, akipumzika kila baada ya mishono mitatu. Hilo alilisema. Kitu cha pili hakukisema, lakini mke wa mtu hujua. Alimtaka Ngatia.

Ngatia alikuwa kaka yake mkubwa, mwenye duka Karatina. Miaka kumi na moja hawakuwa wamesemezana. Mama yao alipofariki, boti ilikuwa imevunjika usukani, imekwama kwenye kisiwa kisicho na mtandao, na Wambugu alikuwa anachonga usukani mwingine kwa shoka la kuazima. Alipopata simu, mama alikuwa ameshazikwa wiki mbili. "Maitu alikufa akilia jina lako," Ngatia alimwambia, akimtaja mama yao kwa Gikuyu. "Mimi nimetupa mchanga ya watu wawili, yangu na yako. Sitakanyaga kwako mpaka siku ya kukuzika." Akakata simu.

Tangu siku hiyo Wambugu aliweza kuwa anapiga msasa, mara anaacha, mkono juu ya ubao, anatazama tu. Magdaline alijua anasikia nini.

Basi Alhamisi moja Magdaline alichukua simu akamwandikia Ngatia, kwa maneno aliyozoea. Pwani, kupandisha tanga ni kulitweka. Akaandika: "Shemeji, Jumamosi saa nne tutatweka matanga ya Wambugu hapa nyumbani. Tafadhali uje. Usije peke yako, kuna kazi ya mikono." Akatuma. Ijumaa kukanyesha kutwa, sola ya boti haikupata jua, simu ikazima. Hakuona alivyojibiwa, na hakuona alivyopigiwa mara kumi na tisa.

Jamani, ulimi una kwao. Karatina nzima ukitafuta mtu anayejua kutweka, utazeeka. Ngatia alisoma "tutaweka matanga", akaona mwanamke wa watu amekosea herufi kwa sababu ya kilio, na matanga bara ni kitu kimoja tu.

Jumamosi saa nne kasoro, Magdaline alisikia mbwa wakibweka kwa hasira. Akachungulia. Pikapu mbili zilikuwa zinaingia shambani, moja imebeba hema na viti vya plastiki, nyingine imebeba akina mama wa kanisa wamejifunga leso, wanaimba polepole. Mbele kabisa alitembea Ngatia, amevaa koti jeusi, amekonda kuliko alivyomkumbuka, na uso wake umelowa.

"Pole, shemeji," Ngatia alisema akifika chini ya ngazi. "Amelazwa wapi?"

"Nani?"

"Wambugu."

Hapo Wambugu akatoka mlangoni mwa boti, amejishika, blanketi mabegani. "Nani anaimba?" akauliza.

Wimbo ulikatika. Mama mmoja alikaa chini kwenye matope bila kupenda. Ngatia alitazama juu, mdomo wazi, na Magdaline ndipo akaelewa alichoandika. Akataka ardhi immeze.

"Ati matanga!" Ngatia alinguruma. "Mnacheza na kifo? Nimelia kutoka Karatina mpaka hapa, nimeleta watu, nimeleta hema, kumbe ni mchezo?"

"Si mchezo, shemeji! Matanga ni hivi vitambaa," Magdaline alisema, akionyesha rundo jeupe chini ya mlingoti. "Naapa kwa Mungu, sikufikiria."

Ngatia aligeuka aende. Magdaline alijua hakuna mara nyingine. Safari nyingine ya Ngatia ingekuwa na jeneza.

"Ngatia," Wambugu aliita. Sauti ilikuwa ndogo. "Umekuja kwa matanga yangu. Mimi siwezi kuvuta kamba. Nivutie, kisha uende."

Ngatia alirudi mpaka chini ya ngazi. Halafu akavua koti, akampa mama wa kanisa, akapanda. Chumvi, mbwa mzee asiyependa wageni, alimnusa viatu akampisha.

Wambugu alikaa akimwelekeza: vuta, pumzika, vuta. Ngatia alivuta kwa mikono ya mtu wa dukani, ikachubuka. Tanga likapanda kidogo kidogo, viraka vyake vikionekana kila kimoja, mpaka likafika juu. Upepo wa Nyandarua ukalishika. Boti nzima ilitikisika juu ya magogo, na akina mama chini wakaita jina la Yesu. Wambugu alitazama juu, akacheka bila sauti.

"Funga hapo," alimwambia kaka yake. "Keti. Ulikuwa umeniandikia nini cha kusoma? Najua wewe huendi matanga bila karatasi."

Ngatia alitoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaikunja tena. "Nimeandika ati tulipendana," akasema. "Siwezi kusoma hii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niko na kitu yako." Aliongea akitazama mikono yake. "Maitu hakulia jina lako. Siku ya mwisho aliniita. Akasema ukipiga simu nikwambie usikimbie, usije ukafa njiani kwa sababu yake. Akasema nikwambie amekubariki. Nilikuwa na hasira, Wambugu. Nilikuwa nimebaki peke yangu. Nikakwambia ile ingine. Halafu ikawa mwaka, ikawa miaka, nikashindwa nitakuja na uso gani."

Magdaline alikuwa ameshika kamba, na kwa muda alitamani kumchapa nayo. Miaka kumi na moja! Mara ngapi usiku alimgeuza mumewe kitandani, amelia mpaka mto umelowa! Nimtupe huyu chini, aliwaza. Lakini alipomtazama Wambugu, hasira ilikosa pa kukaa. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Alinibariki?"

"Kwa jina."

"Sema vile alisema. Kwa Gikuyu. Maneno yake."

Ngatia alirudisha karatasi mfukoni. Kisha akayasema kwa Gikuyu, polepole, akikokota mwisho wa maneno kama mama yao wa Othaya alivyokuwa akikokota. Wambugu alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Tena," akasema.

Ngatia akarudia. Mara ya tatu alikuwa analia wazi wazi, na hakuacha.

Magdaline alishuka ngazi, mbwa wakimfuata. Watu wa Karatina walikuwa wamesimama kati ya viti, hawajui kama walisimamishe hema au walirudishe kwenye pikapu.

"Ketini, chai iko karibu," aliwaambia. "Lakini nawaomba mnyamaze kidogo. Mzee wangu anaongea na mama yake."