Kilo za Nzeyimana

Mwezi wa pili mwaka 1992 mkurugenzi wetu, bwana Karangwa, alitangaza kwamba kiwanda kitalinda afya ya wafanyakazi. Kilikuwa kiwanda cha rangi za nyumba, watu thelathini na wawili, na mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kuchanganyia. Humo unga wa rangi hupeperuka siku nzima. Jioni unapiga chafya nyekundu au ya kijani, inategemea siku hiyo mmetengeneza nini.

Mpango wenyewe ulikuwa maziwa. Kila mtu nusu lita, saa nne asubuhi. Karangwa aliamini maziwa yanasafisha vumbi kifuani. Nani alimwambia, sijui. Muuguzi aliyeletwa kusimamia mpango, msichana mmoja anaitwa Spès, hakuamini. Aliomba feni na vitambaa vya kufunika pua. Akaambiwa aanze na maziwa, awapime watu uzito kila mwisho wa mwezi, na baada ya miezi sita aandike ripoti. Kilo zikipanda, maziwa yataendelea. Zisipopanda, yatakatwa.

Hakuna aliyekunywa. Vita vya kaskazini vilikuwa vimepandisha bei ya maziwa, na mtu mzima hawezi kumeza nusu lita kazini huku mtoto wake amelala na chai isiyo na kitu. Tulikuja na chupa za bia tupu, tukamimina, tukafunga kwa kizibo cha jani la mgomba, tukaziweka kwenye ndoo ya maji ili maziwa yasichache. Mimi pia. Nina watoto watano.

Mwenye haja kuliko wote alikuwa Nzeyimana. Alikaa na mkewe mtaa wa Gitega, chumba kimoja, na mtoto wao Shami alikuwa na mwaka mmoja. Mama wa mtoto, Gahongayire, aliishiwa maziwa ya kifua mapema. Kabla ya mpango mtoto alikuwa miguu na kichwa tu. Kufika Aprili alikuwa anasimama kwa kushika kiti. Nzeyimana alituhadithia hilo kila asubuhi mpaka tukachoka.

"Leo ameshika kiti na mkono moja tu!"

"Baba Shami, tumesikia," alimjibu Mukashema, mama aliyejaza makopo. "Siku akiruka ukuta utuite."

Mtoto alinenepa, baba akakonda. Mwezi wa pili alikuwa kilo hamsini na saba. Mwisho wa Machi, kabla ya kupimwa, alinivuta nyuma ya mapipa.

"Shefu, mimi nimepungua. Muganga akiona, atasema maziwa haisaidii. Watakata."

"Umepungua kiasi gani?"

"Suruali iko inaanguka."

"Unaumwa?"

"Kikohozi tu. Ni hii vumbi."

Sote tulikohoa, kwa hiyo sikuuliza zaidi. Nilifungua sanduku la vipuri nikampa nati nne kubwa za mashine ya kuchanganyia. Akatia mfukoni. Spès alipima watu na nguo zao na buti zao, kwa sababu wanawake walikataa kuvua chochote. Nzeyimana akasoma hamsini na saba, kama zamani.

Habari ikaenea. Mwezi uliofuata nusu ya watu walipanda mzani na vyuma. Mukashema alificha jiwe la kuzuilia mlango kwenye kitenge chake, akapanda kilo tatu kwa mwezi mmoja, Spès akamuuliza kama ana mimba.

"Kwa umri huu, Muganga? Ni maziwa yenu!"

Tulicheka hadi machozi. Ndivyo tulivyokuwa tunadanganya, kwa kicheko, na hakuna aliyeona ubaya.

Lakini wengine tuliongeza kidogo tu ili kilo zipande. Nzeyimana alikuwa anaongeza ili asionekane anashuka. Juni alikuwa na mkanda wa nati kiunoni chini ya ovaroli, na vipande vya nondo ndani ya buti. Mimi ndiye niliyemkatia nondo hizo. Nilimwona mashavu yameingia ndani. Nilimwona akipumzika kila baada ya mifuko miwili, yeye aliyekuwa anabeba kumi bila kutua. Nikajiambia ripoti ni Julai, ikishapita ataenda kujitibu.

Siku ya mwisho ya Julai Spès aliweka mzani wake juu ya kibao, kama shubiri moja kutoka chini. Zamu ya Nzeyimana ilipofika, aliinua mguu ukarudi. Akajaribu tena. Buti haikupanda.

"Baba Shami amelewa maziwa!" Mukashema akasema, watu wakacheka.

Alishika meza, akajivuta, akasimama juu ya mzani jasho likimtoka. Spès alisoma.

"Hamsini na tisa. Nzeyimana, hongera. Wewe ulianza ukiwa mwembamba kuliko wote, sasa angalia. Kesho njoo na mimi kwa mkurugenzi. Nataka akuone kwa macho yake."

Nzeyimana akasema, "Ndiyo, Muganga," kisha akakohoa. Alikohoa muda mrefu, ameinama, na alipoondoa kiganja mdomoni alikikunja haraka. Nilikuwa karibu, nikaona wekundu. Hatukutengeneza rangi nyekundu wiki ile.

Nilimsogelea nikafungua vifungo vya ovaroli yake.

"Shefu, hapana," alisema. "Shefu, nakuomba. Mtoto."

Nikafungua mkanda. Nati zilianguka sakafuni kwa kelele. Nikapiga goti nikamvua buti, nikazimwaga. Hakuna aliyecheka. Nikamwambia Spès, "Mpime sasa."

Mzani ulisoma hamsini kasoro moja.

Spès aliangalia vyuma, akaniangalia mimi. "Nani mwingine?"

"Wengi. Na vyuma vya huyu nilimpa mimi."

"Tangu lini?"

"Machi."

"Miezi minne," alisema. "Ungeniacha nimpime vizuri, ningemtuma hospitali mwezi wa nne." Hakupaza sauti. Alichana karatasi za miezi yote, akaanza kuwapima watu upya, mmoja mmoja, bila viatu.

Ilikuwa kifua kikuu. Nzeyimana alilazwa miezi miwili, kisha akaendelea na dawa nyumbani. Kiwandani watu waliacha kunisalimia. Mukashema alinitemea neno moja, "Mchongezi," na akawa anapitia mlango mwingine. Walikuwa na uhakika maziwa yatakatwa.

Hayakukatwa. Karangwa alisoma ripoti ya kweli, akasema kosa si la maziwa, kosa ni la wanywaji. Akatoa amri: chupa marufuku, kila mtu anywe kwa kikombe mbele ya msimamizi, na msimamizi asiweke alama kabla hajaona kikombe kitupu. Atakayetoka na maziwa langoni, kazi imekwisha. Feni nayo ilinunuliwa, moja, ikafungwa chumba changu. Kuhusu feni sina la kulalamika.

Kufika Novemba kilo zilikuwa zimepanda, za kweli, bila chuma hata kimoja. Kikohozi kilikuwa kimepungua tangu mwanzo wa mwaka. Spès aliandika kwamba mpango umefaulu, na kwa yale aliyoyapima hakusema uongo.

Nzeyimana alirudi kazini wiki ya mwisho ya mwezi huo. Nilimpa kazi nyepesi ya kubandika karatasi kwenye makopo. Saa nne ilipogonga alikuja kwenye foleni pamoja na wenzake. Nilimmiminia kikombe.

"Shami hajambo?" nilimuuliza.

"Iko," alisema. "Amerudi kunywa chai."

Aliangalia kikombe, kisha lango, ambapo mlinzi alikuwa anapekua mifuko. Nilikuwa na karatasi ya alama mkononi na watu kumi nyuma yake wakitutazama.

"Kunywa," nilimwambia. "Ukifa atakunywa nini?"

Alikunywa polepole, bila kuacha tone, akanigeuzia kikombe nione. Niliweka alama, nikamwita anayefuata.